Naomba ushauri: Mt. Yeronimo alizaliwa wapi hasa?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Jumuiya yetu somo wake ni Mt. Yeronimo, na tarehe 30 Septemba nimepangiwa kueleza maisha yake. Nimekwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Daftari la jumuiya limeandikwa kwa wino wa bluu "alizaliwa Kroatia", kisha mkono mwingine ukafuta na kuandika "Slovenia". Mzee wetu mmoja naye anashikilia ni Bosnia.

Yeronimo mwenyewe alitaja mji wake katika kitabu alichokiandika mwaka 392 au 393: Stridon, mpakani mwa Dalmatia na Pannonia, majimbo mawili ya Dola la Roma, mji uliobomolewa na Wagothi, watu wa kabila la Kijerumani. Mji haukuinuka tena. Ndiyo maana kila upande unavuta kwake. Wakroatia wa Štrigova wana kanisa lenye jina lake, wengine wanaelekeza Grahovo huko Bosnia, na wapo wanaosema ni Slovenia. Alikofia hakuna utata, ni Bethlehemu, mwaka 420.

Mimi naona niseme Stridon tu, nieleze mpaka ule wa Kirumi, niache nchi za leo kwani hazikuwepo. Ila vijana wataniuliza, "Ni wapi kwenye ramani?" Na mzee yule namheshimu mno, sitaki aonekane amekosea mbele ya watu.

Makatekista na mliosoma historia ya Kanisa, ningesemaje? Na je, nimwone mzee nyumbani kwake kabla ya siku hiyo?