Mkataba mahiri ukilipa kimakosa, nani anawajibika?

Mdadisi: Naomba msaada wa wenye ujuzi wa sheria na fedha. Mkataba mahiri, yaani programu iliyowekwa kwenye blokucheni (leja ya pamoja ya kidijitali inayotunzwa na kompyuta nyingi) ili itimize masharti bila kusubiri mkono wa mtu, ukilipa isivyostahili kwa sababu ya kasoro katika msimbo, je, aliyepokea anaweza kubaki na fedha hizo kwa hoja kwamba msimbo ndio mkataba wenyewe? Na mahakama ikikataa hoja hiyo, amri yake itatekelezwaje wakati leja haifutiki?

Wakili Mkongwe: Ndugu Mdadisi, mahakama haiiamuru leja, humwamuru mtu. Kesi inayokaribia swali lako ni ya Quoine, kampuni iliyoendesha soko la sarafu za kidijitali, na B2C2, kampuni iliyofanya biashara katika soko hilo, nchini Singapuri. Mwezi Aprili 2017, hitilafu katika mfumo wa Quoine iliifanya programu ya B2C2 iuze sarafu ya kidijitali ya Ether kwa takriban Bitcoin 10 (sarafu nyingine ya aina hiyo) kila moja, kiasi cha mara 250 ya bei ya soko. Quoine ilibatilisha miamala hiyo, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba kwa kufanya hivyo ilivunja mkataba. Kuhusu dai la Quoine kwamba mauzo hayo yalifanyika kwa kukosea bei na hivyo hayakuwa halali, majaji walio wengi walipima alichojua mwandishi wa programu, kwa kuwa mashine haina nia.

Mhasibu: Nakubali, ila Quoine iliweza kubatilisha kwa sababu miamala ilikuwa katika vitabu vyake, si kwenye blokucheni ya umma. Mradi wa The DAO, mfuko wa uwekezaji ulioendeshwa kwa mikataba mahiri kwenye blokucheni ya Ethereum, ulipoporwa Ether zipatazo milioni 3.6 mwaka 2016, dawa iliyopatikana ni kuigawa blokucheni hiyo mara mbili ili wizi huo utanguliwe katika tawi jipya, na waliopinga wakabaki na tawi la zamani, Ethereum Classic. Kwangu hiyo ni siasa zaidi kuliko sheria. Kinachosumbua zaidi kifedha ni thamani ihesabiwe kwa bei ya siku gani. Katika kesi ya B2C2, mahakama ilikataa kuamuru Bitcoin zenyewe zirudishwe, kwani bei ilikuwa imepaa mno, ikaona fidia inatosha. Anayeandika mkataba ataje mapema siku ya kuhesabia thamani.

Mdadisi: Nashukuru. Na mpokeaji asipojulikana?

Wakili Mkongwe: Mwaka 2019 mahakama ya Uingereza, katika kesi dhidi ya watu wasiojulikana, iliona kwamba Bitcoin ni mali, ikatoa zuio lililolihusu pia soko la kubadilishia sarafu ambako sehemu ya Bitcoin zilizogombaniwa ilifuatiliwa. Hapo ndipo amri hupata meno, kwa sababu soko lina ofisi na anwani.