Mjadala: Tamko la 1923 liliiokoa Kenya au lilikuwa kiini macho?

MLETA MADA
Wakuu, mzee mmoja mtaani kwetu ananiambia kwamba bila Tamko la Devonshire la Julai 1923, waraka wa waziri wa makoloni wa Uingereza, Kenya ingekuwa Rhodesia ya pili, yaani Zimbabwe ya leo ilipotawaliwa na walowezi. Lile lililosema Kenya ni nchi ya Waafrika, na maslahi yao yatangulie yakigongana na ya wageni. Mimi naona tulichezewa.

Kwanza, waraka wenyewe ulihusu Wahindi wa Kenya, hata jina lake ndivyo lilivyosema. Wahindi walidai daftari moja la wapiga kura pamoja na Wazungu na haki ya kununua ardhi Nyanda za Juu, zilizotengewa Wazungu. Walowezi wa Kizungu, wakiongozwa na Lord Delamere, wakachachamaa hadi kupanga kumteka gavana. London ilipobanwa pande zote mbili ikamsingizia mtu wa tatu, ambaye hata hakualikwa: Mwafrika.

Haya, tuhesabu viti vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Wazungu 11, Wahindi 5, Mwarabu 1. Na huyu ambaye maslahi yake yanatangulia? Mmisionari mmoja, wa kuteuliwa, amsemee! Mwafrika wa kwanza barazani, Eliud Mathu, aliingia 1944. Nyanda za Juu zikabaki za Wazungu, kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, kikabaki shingoni, na Harry Thuku, aliyeongoza upinzani dhidi yake, alikuwa kifungoni Kismayu.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Hesabu yako sina neno nayo, mkuu, ila Rhodesia umeitaja ukaikimbia. Oktoba 1923, miezi mitatu tu baada ya tamko, walowezi wa Southern Rhodesia walikabidhiwa serikali yao wenyewe. Delamere alikitaka kitu hichohicho, akanyimwa. Kenya ilipata uhuru 1963, Zimbabwe 1980 baada ya vita virefu. Miaka 17 si kidogo. Tamko halikumpa Mwafrika kitu mkononi, nakubali, lakini kuna mlango lilioufunga, na waliofungiwa ni walowezi, si Waafrika.

MLETA MADA
Na Mau Mau je? Kwetu damu haikumwagika?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Ilimwagika, tena nyingi. Nimesema nyinyi mliondoka mapema, sijasema mliondoka salama.

MCHANGIAJI WA PILI
Niko upande wa Tanganyika, naomba nichomekee. Sisi 1923 hiyohiyo tulitungiwa Sheria ya Ardhi: ardhi yote ni ya umma, chini ya gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Gavana alibaki na rungu lake, na mashamba ya mkonge hayakwenda popote, msidhani naisifia serikali ya Mwingereza. Lakini ile ilikuwa sheria. Kenya mahakama ilikuwa imeshaamua 1921 kwamba Mwafrika kwenye shamba la babu yake ni mpangaji tu wa Mfalme, anayeweza kuondolewa wakati wowote. Tamko la 1923 halikuigusa hukumu hiyo. Ndugu zangu mnabishania ahadi, wakati mwenye shamba alishatajwa.

MLETA MADA
Ahsante, umenisaidia na umenichokoza. Unadhani sheria ingetukinga? Sisi nasi tulipewa. Mwaka 1930 ikaandikwa kwamba ardhi za hifadhi, zile zilizotengewa wenyeji, ni za Waafrika daima, na sehemu yake ikichukuliwa ifidiwe kwa ardhi nyingine, baada ya baraza la wenyeji kuulizwa. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: fidia yaweza kuwa fedha, na hakuna haja ya kumuuliza mtu. "Daima" hiyo haikufika hata miaka mitatu.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Kakamega sina jibu. Lakini nawe hujajibu Rhodesia.

MLETA MADA
Hilo nawaachia, wewe na mzee wangu. Jioni nikipita barazani kwake nitamwambia kwa Delamere ameshinda. Kisha nimuulize habari za Kakamega, tuone kama atanimiminia kahawa.