Nimenunua nyumba Texas, kumbe nimenunua na deni la mabomba

Wakuu, naandika nikiwa nimefura, mnivumilie.

Nipo nje kidogo ya Houston. Mwaka jana nilichukua nyumba mpya kwa mkopo, dola 300,000. Dalali akanipigia hesabu ya kila mwezi, nikaona naimudu. Juzi benki wameniletea barua: kuanzia mwezi ujao ongeza zaidi ya dola 300. Kisa? Kodi ya nyumba nailipa kupitia benki pamoja na mkopo, na mwaka wa kwanza ilikadiriwa kwa kiwanja kitupu. Sasa watu wa kodi wameiona nyumba.

Kupekua makaratasi nakuta kodi ya kaunti, kodi ya shule, halafu dude linaitwa MUD. Kwa Kiingereza hilo ni tope, na kweli nimelikanyaga. Ni wilaya ya maji safi na maji taka, kiserikali kidogo kinachotoza kodi na kukopa kwa hatifungani. Yetu inachukua dola 1.20 kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba. Yaani 3,600 kwa mwaka, na bili ya maji nalipa mbali! Na mimi ndiye niliyewacheka ndugu zangu Dar mwaka 2021 walipoanza kukatwa kodi ya jengo shilingi 1,000 kwa mwezi kwenye LUKU.

Mabomba yana gharama, sibishi. Kinachonikera ni deni lilivyozaliwa. Mwenye shamba anapeleka ombi Austin, makao makuu ya jimbo, wilaya inaanzishwa. Kisha inapigwa kura ya kuithibitisha na kuruhusu hatifungani. Wanaopiga ni wakazi wa eneo. Wakazi gani, wakati pale ni majani na ng'ombe? Basi kampuni inayokata viwanja inaburuta nyumba ya magurudumu, inapachika watu wawili watatu, wanajiandikisha, wanapiga kura, wanahama. Mchezo huu Texas si siri. Nimeomba kumbukumbu za wilaya yetu: ndiyo 3, hapana 0. Watu watatu wametukopea mamilioni ya dola, na fedha zinamrudishia mkata viwanja gharama zake za mabomba na mitaro. Wao hata choo cha mtaa huu hawajawahi kukivuta maji.

Najua mtasema "si ulisaini notisi ya hiyo MUD wakati wa kununua?" Nilisaini. Karatasi moja katikati ya rundo, dalali anaonyesha kidole "hapa, na hapa", mtoto analia.

Bodi ina watu 5, na vikao vinafanyika mjini ofisini kwa wakili wao, saa sita mchana siku ya kazi. Nani aende? Ila sheria ya maji ya jimbo inasema wapiga kura 5 wa humu wakiandika barua, vikao viletwe humu humu wilayani. Nina saini 4: yangu, ya mama watoto, ya mzee mstaafu wa nyumba ya mbele na ya Mkenya wa kona. Nyumba iliyofuata nimefungiwa mlango, walidhani nauza dawa ya mchwa.