Swala kagongwa barabarani Mikumi usiku, ni kumsaidia au kumwacha?

Baba Nasra:
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanisumbua wiki nzima naomba mawazo yenu. Ijumaa iliyopita nilikuwa natoka Moro naenda Iringa kwenye msiba wa shemeji, nikachelewa kuondoka kwa hiyo tumeingia hifadhini giza limeshashika, kwenye saa mbili kasoro hivi. Tumeipita Doma, tumeanza kuiona ile mbuga yenyewe (yaani kuihisi maana huoni kitu), mara swala huyu hapa barabarani, jike, kiuno kimevunjika, anajiinua kwa miguu ya mbele anaanguka, anajiinua anaanguka. Aliyemgonga kashaondoka. Nikasimama, nikashuka, nikakagua gari mara moja halafu nikamsogelea na tochi ya simu, mke wangu ndani anapiga kelele rudi simba watakula, na binti yangu wa miaka saba analia baba mpakie twende naye hospitali.

Nyuma yetu likasimama lori, tingo akaruka na kisu kabisa, eti mzee tumchinje fasta kabla hajawa kibudu. Nikamkatalia. Dereva wake akampigia honi wakaondoka. Na mimi nikaondoka, swala nikamwacha anaangalia taa.

Sasa mtoto kila siku baba yule swala kapona? Na pale msibani mzee mmoja akaniambia nimefanya vizuri, mnyama wa porini hasaidiwi, Mungu kampangia fisi wale. Mwingine akasema nina roho ya jiwe. Wenye uelewa mnasemaje, binadamu tuingilie au tuache porini pajiendeshe?

Kipara wa Msamvu:
Tingo ndo alikuwa na akili kuliko wote hapo 😂😂 nyama imekataliwa hivihivi watu wana njaa

Wakili wa Kijiweni:
Kipara usipotoshe watu, watafungwa kweli. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, kifungu cha 86, kupatikana na nyara za serikali bila kibali. Na nyara siyo pembe na ngozi tu kama mnavyodhani, mnyama mwenyewe akiwa hai au mfu ni nyara. Kwa hiyo tingo na nyama yake, kesi. Na wewe Baba Nasra na huruma yako ungempakia kwenye gari, ukakutwa mbele huko na swala mzima kwenye buti, utaanza kumweleza askari habari za mtoto kulia? Utaieleza mahakamani ukiwa umeshalala ndani. Huruma ni kitu kizuri ila yule siyo mbuzi wako, ni wa serikali, usimguse.

Guide wa Ngaramtoni:
Mimi nimeendesha watalii kanda ya kaskazini miaka mingi kidogo, hili swali naulizwa kila msimu, na wanaouliza mara nyingi wanalia kama huyo binti. Mgeni anaona duma anamla mtoto wa swala akiwa hai, ananishika bega, do something! Namwambia mama, na yule duma ana watoto watatu kwenye majani pale, tumsaidie nani?

Utaratibu wa hifadhini uko hivi kwa kifupi. Mnyama akiumizwa na mnyama mwenzake, akazeeka, akazama mtoni, anaachwa. Akiumizwa na binadamu, hapo madaktari wa wanyamapori wanaitwa. Na kama ni jamii ambayo wamebaki wachache, mfano faru, hapo hawaulizi kaumizwa na nani, wanatibu tu. Serengeti tatizo kubwa ni nyaya. Mtu anatega waya akitaka nyumbu, ananasa pundamilia, simba, tembo, chochote kinachopita. Nimewahi kukuta pundamilia waya umezama shingoni mpaka nyama imeota juu yake na bado anakula majani kama kawaida, nikaripoti, walimkuta kesho yake wakamlaza wakautoa. Tangu 2017 kuna na timu ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) na Frankfurt Zoological Society, shirika la uhifadhi la Wajerumani, inazunguka kwa miguu kazi yake ni kung'oa nyaya tu, na wameng'oa maelfu kwa maelfu. Mimi kwangu huo ndo msaada, kuliko kukimbizana na mmoja aliyevunjika.

Na hilo la mzee wa msibani la fisi wale siyo utani. Mto Mara peke yake nyumbu wanaozama kwa mwaka watafiti walikadiria wanapita 6,000. Ukiona mizoga ilivyojaa utasema balaa gani hili. Lakini mamba wanakula, tai wanakula, samaki wanakula, mifupa inabaki kwenye maji miaka inaoza taratibu inalisha mto. Ukiwaokoa wote umeunyima mto chakula chake.

Ila swala wa Mikumi siye wa mto Mara. Barabara hatukuikuta pale, tumeipitisha sisi, kilomita kama 50 katikati ya hifadhi. Yule kaumizwa na sisi.

Mama Kwale:
Hodi jamani, mie natoka huku Diani, pwani ya Kenya. Nimesoma maneno ya Guide ni mazuri lakini kuna pahali hayaniingii. Hayo ya kuuliza kwanza nani kamuumiza ni hesabu zetu sie, mnyama mwenyewe maumivu ni yaleyale, awe kapigwa pembe na nyati au kagongwa na gari.

Huku kwetu tuna mbega, wale weusi wenye mabega meupe. Barabara ya Diani imekata msitu wao, wakishuka kuvuka wanagongwa, wakipita juu wanashika waya wa stima wanaungua. Colobus Conservation, shirika la kuwalinda hawa mbega, wakawawekea ngazi za kamba juu ya barabara, mti kwa mti, na mbega wanazipita kama watu wa mjini na zebra crossing. Wakiumia wanachukuliwa wanatibiwa. Mwanzo watu walicheka, hela zote hizi kwa nyani? Siku hizi mtu akiona mbega kaanguka anapiga simu mwenyewe.

Na hiyo kanuni ya asili iachwe ishavunjwa zamani na wakubwa. Mwaka 1962 kule ziwa Magadi, Kenya, vifaranga vya flamingo vilikuwa vinafungwa miguu na chumvi ya magadi yenyewe, yanaganda kama pingu, kifaranga hawezi kutembea anakufa pale. Hakuna binadamu aliyewafanyia hivyo, ni ziwa. Na watu wakaingia kwenye ile tope la kuchoma wakawa wanavunja zile pingu kwa nyundo, kimoja kimoja, maelfu. Huko kwenu Gombe nako mwaka 1966 sokwe walipopata polio Jane Goodall, yule mtafiti wao, hakukaa akaandika daftarini tu, chanjo ikawekwa kwenye ndizi wakapewa. Leo nani atamlaumu?

Guide wa Ngaramtoni:
Mama Kwale heshima yako, la Magadi nilikuwa silijui aisee. Ila la Gombe linanisaidia mimi, sokwe wale walishazoeshwa na watu, wanapewa ndizi kambini, ule siyo pori tena ule. Na ngoja nikupe upande wa pili. Mbwa mwitu wa Serengeti walikuwa wanafuatiliwa, wanavalishwa kola za redio, wanachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kila aina ya msaada. 1991 wakapotea wote pale kwenye nyanda za utafiti. Wanasayansi waligombana miaka, wengine wakisema ni kushikwashikwa kwenyewe ndo kuliwamaliza, wengine wakikataa kabisa. Wamekuja kurudishwa 2012 kutoka upande wa Loliondo. Kwa hiyo mkono wa huruma nao unaweza kuua.

Halafu 1994 simba karibu theluthi moja ya Serengeti walikufa kwa distemper, ugonjwa wa mbwa. Unajua dawa iliyofuata? Kuchanja mbwa wa vijijini, hawa wa kulinda mbuzi. Simba wenyewe hawakuguswa. Ndo msaada ninaoukubali huo.

Kipara wa Msamvu:
Sasa swala wa watu mmeshamfikisha mpaka kwa flamingo na simba, bwana wa watu anataka amjibu mtoto

Mtoro wa SUA:
Nimesoma mifugo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, porini nimeenda field tu kwa hiyo wataalamu mnirekebishe. Nisiseme ya falsafa, niseme ya barabarani pale.

Swala aliyevunjika kiuno hatibiki. Hata angefika mikononi mwa daktari dakika ileile, kinachofanyika ni kummaliza asiteseke. Kwa hiyo mwambie binti ukweli kwa namna yake, hakupona, na usingeweza kumponya. Pili, swala, pundamilia, hawa wa kukimbia, ukimshika kwa nguvu ukamfunga ukamweka kwenye gari, hofu peke yake inamuua. Misuli inaharibika, moyo unakwenda mbio, anaweza kufa palepale au siku ya pili mkidhani amepona. Nyie mnamwona katulia mnasema ameshatuzoea kumbe anakufa. Tatu, zile dawa za kulaza wanyama wakubwa siyo kitu cha kuchezea, tone likimwingia daktari kwa bahati mbaya linaweza kumuua yeye, ndo maana haendi peke yake na anabeba dawa ya kuzindua ya kwake pia.

Ulichotakiwa kufanya ni kidogo tu na hujasema kama ulikifanya. Kukaa kwenye gari, kuwasha hazadi, kuangalia namba ya kibao cha kilomita, kwenda kuripoti getini. Askari angekuja kummaliza, mzoga ungetolewa barabarani. Maana mzoga ukibaki pale fisi anakuja kuula, naye anagongwa na basi la alfajiri. Mnyama mmoja wanakuwa wawili. Uliripoti?

Na swali la mwisho mkuu, samahani. Umesema aliyegonga kashaondoka. Sasa kwa nini ulivyoshuka ulianza kukagua gari lako?

Kipara wa Msamvu:
😳😳😳

Wakili wa Kijiweni:
Baba Nasra ushauri wa bure, hili swali usilijibu hapa. Ule ubao wa faini wa Mikumi una bei ya kila mnyama, na ilikuwa imeandikwa kwa dola.

Mama Kwale:
Muacheni baba wa watu, pengine aliangalia tairi.

Baba Nasra:
Nimesoma zote, asanteni. Guide na Mama Kwale mmenipa elimu.

Wakili nimekusikia ila nimechoka nalo. Taa ya kushoto na bampa. Sikuwa na spidi ya ajabu, walivuka watatu nikawaona, nikadhani wameisha, huyu wa nne akaruka kutoka kwenye majani. Mke wangu akasema tusiseme kwa watu msibani kwa hiyo na huku nikaandika hivohivo. Getini sikusimama. Mwenye lori naye aliiona taa ilivyo, nadhani ndo maana alimwita kijana wake haraka.

Jumapili narudi Dar, nitapita mchana. Nitasimama pale getini niseme, wanipe hiyo bei. Nasra nitakuwa naye kwenye gari, na yeye anajua nani aligonga, alikuwa amekaa mbele.