Victor Wanyama na kaka yake McDonald Mariga, nani mchezaji mkubwa zaidi kati ya waliotoka Kamukunji High? Mimi nasema Wanyama

Wadau, kila tukianza kutaja wachezaji wakali waliotoka shule za Nairobi, ubishi unaishia palepale, ati Mariga amemaliza kila kitu kwa sababu ana medali ya Ligi ya Mabingwa. Watu wa Dagoretti High najua mtamleta Oliech, na mna haki, bao lake dhidi ya Cape Verde 2003 ndilo lilitupeleka AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kule Tunisia. Upper Hill nao wana Olunga. Lakini shule iliyotoa ndugu wawili wa tumbo moja wote wakacheza Ligi ya Mabingwa ni Kamukunji, sasa tubishane hapo.

Mariga namheshimu sana. Alitoka Sweden akaenda Parma, Januari 2010 Man City wakamtaka akakwama kwa kibali cha kazi, Inter ya Mourinho ikamchukua. Kule Camp Nou, uwanja wa Barcelona, kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa aliingizwa dakika za mwisho, timu ikiwa pungufu baada ya Motta kupewa nyekundu, na kocha hakuingizi mechi kama hiyo kama hakuamini. Lakini fainali ya Madrid alikaa benchi mpaka mwisho. Medali ni yake halali, ila mnapoitumia kumfunika Wanyama hapo ndio sikubali.

Wanyama yeye alikuwa ndani. Novemba 2012 Celtic wanacheza na Barcelona ya Messi na Xavi, Mulgrew anachonga kona, Wanyama anaruka nguzo ya mbali juu ya Jordi Alba, kichwa, kipa Valdés hana la kufanya. Celtic wakashinda 2-1. Mwaka uliofuata Southampton wakatoa pauni milioni 12.5 akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, halafu Tottenham, na msimu wake wa kwanza pale alikuwa anaanza karibu kila wiki, kiungo mkabaji ambaye ukimpita mara moja unajua anakuja tena. Na lile kombora la Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 2018? Alikuwa ameingia sasa hivi tu, kipa wao Karius anapangua krosi kwa ngumi, mpira unamkuta nje ya boksi, anaupiga vilevile bila kuutuliza!

Tena ndiye alikuwa nahodha timu yetu ya taifa, Harambee Stars, iliporudi AFCON 2019 baada ya miaka 15 nje.

Mtasema Mariga ndiye alimfungulia mdogo wake njia Ulaya. Kweli kabisa, bila Mariga pengine hatungemjua Wanyama, lakini kufungua njia na kuwa mchezaji mkubwa zaidi ni vitu viwili tofauti. Na msiniletee Divock Origi mwenye asili ya Kenya, yeye alichezea Ubelgiji.

Kwa hiyo wa Mariga jitokezeni, ila medali wekeni kando kwanza. Nitajieni msimu mmoja Ulaya ambao alikuwa anaanza kila wiki kwenye timu kubwa kama Wanyama pale Tottenham.