Maua yangu ya ndani kutoka Tanga yanakaukia Dodoma

BintiPangani: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimehamishiwa Dodoma tangu Juni, nikaja na maua yangu ya sebuleni, nimeyapakata kwenye basi kama watoto. Huku kangaga linapukutika kila nikifagia, na kalatea, lile ua la majani mapana yenye michoro, imejikunja kama karatasi ya karanga, kingo zote rangi ya kahawa. Nanyunyizia asubuhi na jioni kwa ile chupa ya saluni, nusu saa maji yameshakauka. Udongo una maji, nimechomeka kidole. Kipima unyevu wa hewa nilichoazima kazini kilisoma asilimia 27 saa nane mchana. Mama mwenye nyumba anasema nipande mkonge. Nimetoka Tanga nije kufuga mkonge ndani?

Mzee wa Vyungu: Marahaba binti. Udongo hauna kosa, ni hewa. Upepo wa kiangazi wa huku unapasua hata midomo. Hiyo chupa ni kujifurahisha tu. Yabananishe maua yote kona moja, mbali na feni na dirisha la upepo, yapeane mvuke. Chini weka sinia la kokoto na maji, ila kitako cha chungu kisiguse maji, mizizi itaoza. Kangaga langu liko bafuni, linaoga na sisi.

KokotoNyeupe: Angalia na birika lako. Kama lina ukoko mweupe ndani, chumvi hiyohiyo inaunguza ncha za majani. Mimi nakinga matone ya kiyoyozi ofisini, ndiyo namwagilia, ingawa kwa ukavu huu ndoo haijai upesi.

BintiPangani: Birika limeota ukoko kweli! Na lile ua langu dogo la Saintpaulia je? Majani yana madoa meupe.

Mzee wa Vyungu: Umeinyunyizia, sivyo? Majani yenye manyoya hayataki matone. Hiyo ni ya kwenu kabisa, mbegu zake mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alizipeleka Ujerumani kutoka Usambara mwaka 1892. Porini inaota kwenye miamba yenye kivuli. Pitisha utambi wa pamba kwenye tundu la chini, uchovye kwenye kopo la maji, inyonye yenyewe.

BintiPangani: Wiki tatu sasa. Katikati ya maua kipimo kinasoma 36. Kangaga limetoa jani jipya, limejiviringisha kama mkia wa kinyonga. Kalatea nimeikata yote, nasubiri. Chupa nimeirudisha saluni.