Mjadala: Uchaguzi ukikosa mshindi, nani ana haki ya kuunda serikali?

Mleta mada

Wakuu, kura zimehesabiwa na hakuna chama kilichofikisha nusu ya viti bungeni. Kesho yake kiongozi wa chama kilichoongoza kwa viti anapanda jukwaani: "Wananchi wametupa dhamana." Mimi nasema hawajampa. Mwenye viti 40 katika kila 100 amenyimwa 60. Kwenye mfumo wa kibunge mshindi ni yule atakayesimama mbele ya wabunge akawa na kura za kupitisha bajeti, hata kama chama chake ni cha pili.

Tazameni New Zealand mwaka 2017. Chama cha National kilipata viti 56 kati ya 120, Labour 46. Katikati akakaa Winston Peters na New Zealand First yake yenye viti 9. Akazungumza na pande zote mbili, kisha karibu mwezi mzima baada ya uchaguzi akaenda kwa Labour. Chama cha Greens kikaongeza 8 vyake, jumla ikawa 63, na Jacinda Ardern wa Labour akawa waziri mkuu. Chama kikubwa kikaenda upinzani. Wapo waliolalamika kwamba wameporwa, lakini mimi sioni kilichoporwa. 63 ni zaidi ya 56.

Kwa hiyo nasimamia mambo mawili. Kwanza, kuongoza kwa viti kusihesabiwe kuwa hatimiliki ya Ikulu. Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi: washirika waandike na kutangaza watakachofanya kabla hawajagusa habari ya nani anapata wizara gani. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, hesabu yako ni safi lakini umepita juu juu mahali penye kidonda. Watu wenye viti 9 ndio walioamua nani atawale. Israel mwaka 2021 ilikwenda mbali zaidi: Naftali Bennett, ambaye chama chake kilipata viti 7 kati ya 120, ndiye aliyekuwa waziri mkuu, kwa kura 60 dhidi ya 59. Mgeni wa mwisho kuingia ndani ndiye anayegawa vyumba! Wananchi wangapi waliingia kwenye chumba cha kupigia kura wakitaka hilo? Kama hakuna mshindi, warudishiwe karatasi zao wachague upya. Ni ghali, najua, ila ni halali kuliko biashara ya usiku hotelini.

Mchangiaji wa pili

Mkuu hapo juu, Uhispania walijaribu dawa yako. Aprili 2019 chama cha Pedro Sánchez kilipata viti 123 kati ya 350, mazungumzo na chama cha mrengo wa kushoto cha Unidas Podemos yakakwama, wakarudi kwenye uchaguzi Novemba. Matokeo? Sánchez akashuka hadi 120, na Vox wa mrengo mkali wa kulia wakapanda kutoka 24 hadi 52. Siku mbili tu baada ya kura, Sánchez na kiongozi wa Podemos wakasaini makubaliano ya awali, yaleyale waliyoshindwa kufikia miezi michache nyuma. Yaani nchi nzima ilipelekwa vituoni ili viongozi wawili wajifunze kukaa meza moja.

Na hiyo Israel uliyoitaja wewe mwenyewe, kati ya Aprili 2019 na Novemba 2022 walipiga kura mara tano. Mpiga kura hakubadili mawazo kwa sababu mwanasiasa amechoka kuzungumza.

Mchangiaji wa tatu

Mnazunguka ng'ambo wakati serikali ya mseto tunaijua kwa jina lake la nyumbani: nusu mkate. Kenya 2008. Baraza lenye mawaziri wapatao 40, mishahara, magari, na mawaziri wa serikali moja wanaopingana hadharani. Bungeni nani wa kuihoji serikali ikiwa wote wako serikalini? Huo ndio mseto. Asanteni.

Mleta mada

Ndugu yangu, hapo umechanganya vitu viwili. Kenya haikuwa na uchaguzi uliokosa mshindi. Ilikuwa na uchaguzi wa rais ambao pande mbili zilidai kushinda, zaidi ya watu 1,000 wakafa, na Kofi Annan akapatanisha hadi Kibaki na Raila wakasaini tarehe 28 Februari 2008. Pale kugawana madaraka kulikuwa njia ya kuzima moto, na ndiyo maana kila upande ulilazimika kubebwa mzima mzima. Mimi naongelea hali ambayo matokeo yanakubalika na kila mtu, ila hayatoshi kumpa mtu mmoja nchi. Huko unachukua washirika wa kutosha kufikisha nusu na ushee, wengine wote wanabaki upinzani. Nakubali mawaziri wengi ni ugonjwa, lakini usidhani kila mseto umezaliwa nao.

Mchangiaji wa nne

Kwani lazima mseto? Denmark wamezoea kutawaliwa na serikali za wachache. Waziri mkuu anaunda serikali bila kuwa na nusu ya bunge, mradi tu hakuna wingi wa wabunge wanaompinga. Kila muswada anatafutia kura zake. Ni kazi ngumu, lakini bunge linakuwa bunge kweli.

Tahadhari: isifanywe kama Uingereza 2017. Waziri Mkuu Theresa May alibaki na viti 317, akawaomba chama cha DUP cha Ireland Kaskazini na viti vyao 10 wamuunge mkono kwenye bajeti na kura za imani, bila kuwapa uwaziri. Malipo yakawa paundi bilioni 1 za nyongeza kwa Ireland Kaskazini. Gawanya mwenyewe uone kila kiti kiligharimu kiasi gani.

Mchangiaji wa tano

Ruhusa niandike kirefu kidogo, maana hoja ya pili ya mleta mada ndiyo yenye nyama na bado hamjaigusa.

Ujerumani walipiga kura tarehe 24 Septemba 2017. Mazungumzo ya kwanza yalivunjika Novemba, chama kidogo cha FDP kilipojitoa. Chama cha SPD, waliokuwa wameapa kwenda upinzani, wakarudi mezani, wakaandika na chama cha Kansela Merkel mkataba wa zaidi ya kurasa 170, kisha wakaupeleka kwa wanachama wao waupigie kura. Asilimia 66 wakakubali. Merkel akachaguliwa tena na bunge tarehe 14 Machi 2018, karibu miezi sita baada ya uchaguzi. Ni muda mrefu mno, lakini serikali ile ilimaliza kipindi chake.

Afrika Kusini ilikuwa kinyume. Mei 2024 chama tawala cha ANC kilipata viti 159 kati ya 400, mara ya kwanza kupoteza wingi wake tangu 1994. Katiba inataka bunge jipya likae ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa, na katika kikao hicho rais achaguliwe. Kwa hiyo ANC, DA (chama kikuu cha upinzani hadi wakati huo) na wenzao walisaini tamko fupi la nia, Ramaphosa akachaguliwa kwa kura 283, na mabishano ya kweli yakabaki kuhusu nani anapewa wizara gani. Kilichoachwa bila kuandikwa kikalipuka Februari 2025: siku ya hotuba ya bajeti, hotuba ikaahirishwa kwa sababu Hazina ilitaka kupandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi 17 na DA hawakukubali. Nyongeza ikashushwa kuwa nusu asilimia kila mwaka kwa miaka miwili, na Aprili ikafutwa kabisa. Hilo lingeulizwa kabla ya watu kula kiapo.

Ila mleta mada, huwezi kudai kurasa 170 ndani ya siku 14. Chagua moja. Mimi ningeongeza muda, kwa kikomo, maana Ubelgiji 2010 bila kikomo walikaa siku 541.

Mchangiaji wa kwanza

Na mkataba nao si kinga. Uingereza, Nick Clegg na chama chake kidogo cha Lib Dem waliingia serikalini mwaka 2010 na viti 57, wakiwa wameahidi kupinga ongezeko la ada za vyuo vikuu. Ada ikapanda hadi kikomo cha paundi 9,000, na 2015 wakabaki na viti 8. Chama kidogo kikiingia mseto kinabeba lawama zote, pongezi zinaenda kwa mkubwa. Kesho nani atakubali kuwa mshirika mdogo?

Mchangiaji wa sita

Swali dogo tu. Waziri wa chama shirika akikosea, nani anamfukuza? Kenya, Februari 2010, Raila aliwasimamisha mawaziri wawili kwa miezi mitatu, Kibaki akatengua papo hapo. Ujerumani, Novemba 2024, Kansela Scholz alimfukuza waziri wake wa fedha Lindner, kiongozi wa FDP, na mseto ukafa usiku uleule. Afrika Kusini, Juni 2025, Ramaphosa alimwondoa naibu waziri wa DA, wenzake wakapiga kelele lakini wakabaki serikalini.

Mleta mada

Umenishika. Kwenye mkataba wangu nilifikiria sera tu, sikufikiria kufukuzana. Kuhusu siku 14 pia naachia: wapewe siku 60, na wakishindwa ndipo turudi kwenye uchaguzi kama mchangiaji wa kwanza anavyotaka. Lakini kufukuza waziri nabaki na kigugumizi. Ukimpa mkuu wa serikali peke yake, mshirika ni mpangaji. Ukimpa kiongozi wa chama, una serikali mbili.

Mchangiaji wa sita

Basi siku 60 zako zianzie hapo, kabla ya kodi.